Bunduki Waliyoigeuza Taa

Eda ya mume wangu niliikaa sawasawa. Sikukaa ile eda ya siku hizi, ya kutoka kidogo na kurudi, mtu na simu yake sikioni. Niliikaa kama mama yangu alivyoikaa kule Tanga: mlango umerudishwa, kioo kimefunikwa, wanja hapana, udi hapana, nguo nyeupe mwilini, na mguu hauvuki kizingiti mpaka siku ya mwisho. Majirani wa hapa Mayfair, Johannesburg, walisema mwanamke huyu ana imani. Nami nilijiona namheshimu marehemu. Kumbe, mwenzangu, nilikuwa nimewaachia watu uwanja.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa chumbani kwangu, nimekaa juu ya kitanda changu, na langu likaenda vilevile.

Hilo langu ni bunduki. Najua mtu akimsikia mjane wa Johannesburg anataja bunduki anafikiria mengine, maana katika mji huu neno hilo halina uzuri. Yangu ilikuwa bunduki ya kale, ya risasi moja, unayoshindilia baruti mdomoni kwa mdeki, kisha unamwomba Mungu mnyama asiondoke kabla hujamaliza. Hata leseni haitaki. Serikali ya hapa inaihesabu kuwa kitu cha makumbusho tu. Hivyo ndivyo alivyonieleza mume wangu, naye alikuwa anajua, kwa sababu kazi yake ya maisha yote ya huku ilikuwa kuchonga vitako vya bunduki.

Alikuwa ameajiriwa kwenye karakana Doornfontein, ya mzee mmoja wa Kizungu. Watu wa mashambani walileta bunduki zao za kuwindia, kitako kimepasuka au kimeoza, yeye anawachongea kipya. Alipenda mti mmoja wa huku ambao ukikatwa mbichi unanuka uvundo, lakini ukikauka ukanywa mafuta unang'aa kama tende. Anachonga kwa patasi, anapiga msasa, anapitisha kidole gumba, anarudia. Vitako vyake viko Limpopo, viko Free State, viko kwa watu ambao hawakumwuliza hata jina lake. Nyumbani kwetu hakukuwa na kitu hata kimoja cha mkono wake. Kabati tulinunua. Kitanda tulinunua. Hata mbuzi ya kukunia nazi niliagiza kwetu. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini nilimsema kwa hilo mpaka nikachoka mwenyewe.

Mzee wa Kizungu alipofunga karakana ili ahamie kwa watoto wake pwani, aliwagawia mafundi wake vitu vya kuagania. Mwenzake mmoja alipewa mashine ya randa. Mume wangu akaja nyumbani na chuma cha kutu kimeviringishwa kwenye blanketi.

"Ndiyo nini hiyo?" nikamwuliza.

"Zawadi."

"Zawadi au msiba?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye ulimi ni mimi. Akaifungua pale pale mezani, juu ya unga wangu wa sambusa, wallahi. Mtutu mrefu umeota kutu, kitako mchwa wamekila nusu nzima, mtambo umekaza hausogei. Tangu siku hiyo nikaipa jina, mke mwenza. Akichelewa kurudi namwuliza, "Mke mwenzangu hajambo?" Naye bila kukunja uso anajibu, "Hajambo. Amekula mafuta, anakusalimu."

Lakini mke mwenza huyo alikuja na kesi yake. Bunduki ile ilizaliwa gumegume: jiwe linapiga chuma, cheche inaruka, baruti inashika. Baadaye, zamani hizo hizo, fundi mwingine akaigeuza iwe ya fataki, maana gumegume likinyeshewa halilii. Akang'oa jiwe na bakuli lake la baruti, akatia kinyundo cha kupiga fataki. Sasa mume wangu alikuwa anajiuliza airudishe kama ilivyozaliwa, ama aitengeneze na kuiacha kama ilivyogeuzwa. Utasema hilo nalo ni jambo la kumnyima mtu usingizi? Lilimnyima.

"Aliyeigeuza naye alikuwa fundi," alikuwa akisema. "Nikiing'oa kazi yake nimemvunjia heshima." Kesho yake anaamka na jingine: "Lakini yule wa kwanza naye alikosa nini?"

"Wote wamekufa hao," namwambia. "Niulize mimi niliye hai."

"Haya, wewe unasemaje?"

"Nasema ondoa chuma chako kwenye unga wangu."

Miaka ilikwenda hivyo. Alikuwa amejibanza pembe moja kwa seremala Mkongo, mtu wa Lubumbashi, huko huko Doornfontein, akifanya vikazi vya hapa na pale. Kitako kipya alikichonga taratibu, kwa ule mti wake, akalaza mtutu ndani yake ukakaa kama mtoto mgongoni. Palibaki mtambo. Sukari ilikuwa imeshaanza kumla miguu alipouleta mtambo nyumbani ausafishe kwa mswaki. Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Akaligeuza bamba la mtambo, akaona upande wa ndani vitundu vidogo vilivyozibwa, pale lilipokuwa limefungwa bakuli la baruti. Yule fundi wa fataki aliviziba kwa adabu. Hakuviharibu, mtu akitaka anavifungua.

Mume wangu akainua kichwa. Nilimwona uso wake, ulikuwa wa mtu aliyesamehewa deni. "Ameviacha," akasema. "Alijua kuna mtu siku moja ataitaka ya kwanza. Basi nimekata shauri. Inarudi kuwa gumegume."

Akaagiza jiwe, akaagiza vyuma vyake. Vilipokuja akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na ule mtambo, kopo akaliacha kwa Mkongo pamoja na bunduki. Akaniambia, "Ikiisha itakaa ukutani pale, nawe utaacha kunisema kwamba sikukutengenezea kitu." Kabla hajafunga skurubu hata moja akalazwa. Hakurudi.

Sasa shemeji yangu. Huyu ni mdogo wake marehemu, ana hoteli ya biriani hapa Mayfair, hatua chache kutoka msikitini. Ni mtu wa maneno matamu. Sitamsingizia: siku ya mazishi alisimama imara, watu walikula, walikunywa, nyumba haikupungukiwa. Katikati ya eda yangu akaja, akakaa sebuleni, mimi nyuma ya pazia. Mwanangu alikuwapo. Ninaye mmoja tu, binti, amezaliwa huku na anafanya kazi ofisini Marshalltown. Kiswahili anakisikia vizuri, ila mdomoni hakitoki. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, tumezoeana hivyo.

"Shemeji," akaanza, "ile bunduki ya kaka iko kule kwa Mkongo inapigwa vumbi. Mimi nina wazo."

Wazo lenyewe lilikuwa kuigeuza taa. Kitako chini, mtutu juu, kofia ya taa kichwani, inasimama kwenye kona. Akaniambia siku hizi watu wa maana wanafanya hivyo, ukiingia mahoteli makubwa unaziona, na kila mtu anapiga nazo picha.

Nikamjibu taratibu, maana niko eda na sauti nayo ina adabu yake. "Shemeji, kaka yako aliisemea bunduki ile. Inarudi kuwa gumegume. Vyuma viko kwenye kopo. Nikitoka eda nitamwambia fundi aimalize, ije ikae ukutani kwangu. Usiiguse."

"Sawa, shemeji. Mwenye neno ni wewe. Wewe tulia na eda yako, ya nje niachie mimi."

Ya nje niachie mimi! Na mimi nikamshukuru. Nikamwombea dua, mjinga mimi. Mwanangu hakusema kitu, nikakichukua kimya chake kuwa yuko upande wangu.

Siku ya kutoka eda wakaja kina mama kunikogesha. Nikavishwa kanga mpya, nikafukizwa udi baada ya muda wote ule bila harufu, kichwa kikanizunguka. Shemeji alikuwa amefunga hoteli mchana ule kwa ajili yangu. Kuna dua, kuna pilau, kuna watu: wa Tanga, wa Unguja, wa Dar es Salaam, majirani zangu Wasomali. Dua ilipokwisha, sahani hazijafika, shemeji akasimama.

"Ndugu zangu, kabla hatujala, familia ina kumbukumbu ya marehemu."

Akavuta kitambaa kilichofunika kitu kwenye kona, akabonyeza, taa ikawaka.

Kofia yake ilikuwa rangi ya maziwa, imezungushiwa shanga. Kitako alichokichonga mume wangu kilikuwa kimesimamishwa juu ya bamba la chuma, kimetobolewa kutoka chini mpaka kwenye mtutu, na waya mweupe unatoka tunduni unaburuta sakafuni mpaka ukutani. Na pale pa mtambo, pale alipopaacha wazi akingoja jiwe lake, walipachika swichi. Swichi, ile ile ya dukani!

Watu wakapiga makofi. Nikasikia mashallah nyuma yangu. Mmoja akatoa simu.

Nasema kweli yangu, nilitaka kuishika kwa mtutu nimtwange nayo, kofia na shanga zake. Sikumtwanga. Kina mama wananitazama, wananingoja mjane nionyeshe shukrani, na pilau inapoa. Nikalia. Wakasema, maskini, amefurahi. Shemeji akanijia na leso, akaniambia, "Kaka angeona hii, shemeji," nami leso nikaipokea.

Mwanangu alinirudisha kwa gari. Tulipofika kwenye robot, taa za barabarani, ikawa nyekundu, nikamgeukia.

"Wewe ulijua?"

Akasema kwa Kiingereza chake kwamba kofia ya taa aliichagua yeye. Na shanga ni zake, alizipanga kwa mkono wake baada ya kazi.

"Nilisema isiguswe. Ulikuwa umekaa pale, ulinisikia."

"Eish, Mama. Ulikuwa unalia kila siku. Na Baba asingemaliza. Tangu niko shule anaizunguka tu, anaizunguka tu. Nilitaka nione inafanya kitu. Nilitaka iwake."

Robot ikawa kijani, magari yakatupigia honi, naye haendi, analia juu ya usukani. Mtoto wa kumzaa mwenyewe, na mkono wangu haukumfikia. Hasira hasara, wanasema, lakini siku ile hasira ndiyo ilikuwa mali yangu yote.

Na bado nilikuwa sijalijua la kunimaliza. Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa darasa la kina mama akaja kunipa pole, nikamhadithia. Akanitazama kwa huruma. "Dada, kwa nini hukwenda mwenyewe kuizuia? Mwenye eda ana ruhusa kutoka mchana kwa haja yake. Usiku tu ndio alale kwake." Nikamwambia kwetu Tanga hatutoki. Akasema, "Hiyo ni mila ya kwetu, dada. Dini haikukufungia." Lahaula! Doornfontein ni teksi moja na kutembea kidogo. Ningevaa nguo zangu nyeupe, nikaenda, nikaikumbatia bunduki yangu, nikarudi kabla ya alasiri. Shemeji alisoma madrasa kuliko mimi. Alijua. Aliniacha nikae.

Nikaenda hotelini kwake mchana, wateja wamejaa. "Naichukua," nikamwambia.

"Lakini shemeji, imependezesha hoteli. Watu wanaiulizia."

Nikauchomoa waya mwenyewe, nikaing'oa kwenye bamba lake la chuma, nikaifunga kwa kanga, nikatoka nayo mlangoni. Aliyekuwa na biriani mdomoni aliacha kutafuna. Nikapanda teksi mpaka Doornfontein.

Yule seremala Mkongo aliponiona na mzigo mrefu akajua. Akaweka randa chini. "Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "mie nilimuambia yeye, usitoboe. Akasema iko bintu ya famille. Mie niko nani? Njo akaikamata, akaipeleka kwa watu ya welding."

Akaifungua kanga, akaikagua huku akiguna. Lile gogo alilolitumia mume wangu kwa kitako lilikuwa limebaki kipande, alikuwa amekitunza. Akanionyesha: atachonga kigingi kutoka kipande kile kile, atakipigilia kwenye tundu, apange mishipa ya mti ifuatane, apake mafuta, na hata mimi sitapaona. Kwenye mtutu kuna mtu wa mashine mtaa wa pili atachonga kizibo kipya. Swichi inatoka. Vyuma vya gumegume viko vyote kwenye kopo, hakikupungua hata kimoja. "Itakuwa vile kaka alitaka," akasema. "Utaweka kwa mur, kwa ukuta, utaangalia."

Habari zikamfikia shemeji. Akaja Doornfontein mwenyewe, amevua kofia yake kichwani. Akasema, "Shemeji, nimekosa. Irudishwe alivyotaka kaka, kila kitu juu yangu. Yaishe." Na mwanangu alikuja naye, macho yamevimba. "Tuirudishe, Mama. Kama alivyotaka Baba." Hee! Ghafla kila mtu alikuwa anajua alichotaka marehemu.

Nikaomba kigoda, nikakaa, bunduki magotini. Mkongo amesimama na patasi, anangoja neno langu. Nikatia kidole kwenye lile tundu la waya, kikaingia mpaka mwisho. Nikawa nafikiri. Pakizibwa hapataonekana. Fundi ameshasema, hata mimi sitapaona. Basi mwakani shemeji atasimama mbele ya watu aseme yeye ndiye aliyeirudisha bunduki ya kaka, nao watampigia makofi tena. Mwanangu atasahau kwamba nilisema isiguswe. Wajukuu watakuja watazame ukutani, waone kitu kizuri, waambiwe familia ilishirikiana. Ndiyo kusema hakuna aliyenifanyia chochote.

"Acha," nikamwambia fundi.

"Niache namna gani, Mama?"

"Toa waya, toa swichi, toa ile kofia. Tundu liache."

Fundi ndiye aliyebisha. "Mama, kaka atalia." Nikamwambia maiti halii. Akanitii, lakini hakunitazama tena mpaka ninaondoka.

Iko chumbani kwangu sasa, nyuma ya mlango. Haipigi na haiwaki. Kopo la vyuma nililichukua pia, liko chini ya kitanda. Shemeji akija kunijulia hali hukaa upande ambao mlango wa chumba hauonekani, na mimi huufungua makusudi, niwe nakwenda kuchukua hiki, nakwenda kuchukua kile. Kuna raha fulani ninayoipata. Sitasema ni raha nzuri.

Mwanangu hunipigia simu kila Jumapili. Ameanza kuniuliza kwa Kiswahili, kibovu kibovu, maneno anayaokota moja moja. Sijui anajifunzia wapi. "Mama, bunduki ya Baba, fundi nitampelekea mimi?" Namwambia bado. Anasema, "Lini, Mama?" Namwambia tutaona. Akikata simu nakaa na simu mkononi.

Kwa maana yeye hakuwapo siku baba yake anakata shauri, na shemeji naye hakuwapo. Wanaweza kusema walikosea kwa kutojua. Mimi nilikuwapo, nilimsikia, niliuona uso wake. Fundi yuko tayari, mti upo, vyuma vipo, hakuna tena anayepinga. Anayemnyima mume wangu alichokitaka sasa hivi ni mimi peke yangu. Nalijua hilo, na bado silegezi.